Wanawake Wanasiasa na Tishio la Misimamo Mikali Yenye Vurugu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yafuatayo huulizwa mara nyingi na madiwani, wagombea, wajumbe wa kamati za mitaa na wanachama wa kawaida wa vyama vya siasa jijini Dar es Salaam. Baadhi yamejibiwa kwa kirefu kwa sababu yanagusa usalama wa mtu moja kwa moja. Mengine hayahitaji maneno mengi.

Misimamo mikali yenye vurugu ni nini, na inatofautianaje na siasa za kawaida zenye maneno makali?

Hapa tunazungumzia hali ambayo mtu au kikundi huamini kwamba ni halali kuua, kujeruhi, kuteka au kutishia watu ili itikadi fulani ishike hatamu, iwe ni itikadi ya dini, ya kabila, ya rangi au ya siasa. Kushika dini kwa ukali si kosa la jinai, wala kuipinga serikali jukwaani kwa sauti ya juu si kosa. Mpaka unavukwa pale nguvu, au tishio la nguvu, linapofanywa kuwa njia ya kuwalazimisha wengine. Hapa nchini makosa ya aina hiyo husimamiwa zaidi na Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2002, pamoja na sheria za kawaida za jinai.

Je, sheria hiyo ya ugaidi haiwezi kugeuzwa ikatumika dhidi ya wanasiasa wenyewe?

Wasiwasi huo una msingi, na anayeuleza hapaswi kuonekana mtetezi wa magaidi. Julai 2021 Freeman Mbowe, aliyekuwa mwenyekiti wa CHADEMA, alikamatwa Mwanza alikokwenda kwa ajili ya kongamano la kudai katiba mpya, kisha akafunguliwa mashtaka yanayohusu ugaidi. Mashtaka hayo yaliondolewa mahakamani tarehe 4 Machi 2022. Kesi ya namna hiyo humfanya mwanasiasa wa upinzani asite kuingia kituo cha polisi hata pale ambapo yeye ndiye anayetishiwa, kwa kuwa hana hakika atatoka kama mlalamikaji au kama mtuhumiwa. Ndiyo maana majibu haya yanasisitiza kwamba taarifa ya tishio iandikwe, ipokelewe rasmi na ibaki na nakala mikononi mwa mlalamikaji.

Kwa nini wanawake wanasiasa wazungumziwe peke yao? Si wanaume nao huuawa?

Wanaume huuawa, tena kwa idadi kubwa zaidi, kwa kuwa ndio walio wengi madarakani. Tofauti iko kwenye kosa ambalo mwanamke hudaiwa kulitenda. Mwanamume hulengwa kwa sababu ya chama chake, cheo chake au kura aliyoipiga bungeni, ilhali mwanamke huongezewa shtaka la pili, kwamba amethubutu kuongoza. Kwa vikundi vingi vya aina hii, mpangilio wa nani atoke nyumbani, nani avae nini na nani aseme mbele za watu ndio kiini chenyewe cha itikadi, kwa hiyo mwanamke anayesimama jukwaani huipinga itikadi hiyo hata kabla hajafungua kinywa.

Jambo la pili ni aina ya vitisho. Mwaka 2016 Umoja wa Mabunge Duniani ulichapisha utafiti uliofanywa kwa wabunge wanawake 55 kutoka nchi 39. Asilimia 81.8 walisema wamewahi kufanyiwa ukatili wa kisaikolojia, na asilimia 44.4 walisema wametishiwa kuuawa, kubakwa, kupigwa au kutekwa, wao wenyewe au watoto wao. Hao ni wabunge, watu wenye ofisi, wasaidizi na namba ya simu ya waziri. Diwani wa viti maalum anayerudi Mbagala kwa daladala saa tatu usiku baada ya kikao hana hata kimoja kati ya hivyo, na kwa maoni yetu yeye ndiye anayepaswa kuwa katikati ya mjadala huu, ingawa mara nyingi mjadala huanzia na kuishia bungeni.

Kuna mifano ya wazi ya wanawake wanasiasa walioshambuliwa na watu wa misimamo mikali?

Ipo, na inatoka katika mabara tofauti. Nchini Somalia, Saado Ali Warsame, mwimbaji aliyekuja kuwa mbunge, aliuawa kwa risasi mjini Mogadishu Julai 2014, na al-Shabaab wakajitangaza kuwa wahusika. Amina Mohamed Abdi, mbunge aliyekuwa akipaza sauti kudai haki ya mwanamke mmoja aliyekuwa mtumishi wa idara ya usalama na ambaye alitoweka, aliuawa katika shambulio la kujitoa mhanga mjini Beledweyne tarehe 23 Machi 2022, akiwa katika kampeni za kutetea kiti chake. Pakistan ilimpoteza Benazir Bhutto tarehe 27 Desemba 2007, mara tu alipotoka kwenye mkutano wa kampeni mjini Rawalpindi. Nchini Afghanistan, Fawzia Koofi alijeruhiwa kwa risasi Agosti 2020 wakati akiwa mmoja wa wanawake wachache katika ujumbe wa kuzungumza na Taliban. Mwaka mmoja baadaye Taliban wakaingia Kabul, na jengo la wizara ya wanawake likakabidhiwa kwa wizara ya kusimamia maadili.

Uingereza nayo haikupona. Jo Cox, mbunge wa chama cha Labour, aliuawa tarehe 16 Juni 2016 katika mji mdogo wa Birstall, alipokuwa akienda kukutana na wananchi wa jimbo lake. Muuaji alikuwa mfuasi wa itikadi za ubaguzi wa rangi. Baada ya hapo ulinzi wa wabunge uliongezwa, lakini ulipofika uchaguzi wa 2019 baadhi ya wabunge wanawake walitangaza kwamba hawatagombea tena, wakitaja matusi na vitisho. Tunautaja mfano huu kwa makusudi. Walinzi na kamera husaidia kumweka mtu hai, ila havimfanyi abaki kwenye siasa ikiwa kila asubuhi simu yake inamsubiri na ujumbe wa kumtakia kifo.

Je, tatizo hili si la dini moja tu?

Hapana. Muuaji wa Jo Cox hakuwa na uhusiano wowote na Uislamu, na kikundi cha Lord's Resistance Army cha Uganda, kilichoteka maelfu ya watoto wakiwemo wasichana, kilijinasibisha na Amri Kumi za Biblia.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam jibu liko karibu zaidi, kwenye kibao cha barabara. Bibi Titi Mohamed, ambaye barabara ya katikati ya jiji imepewa jina lake, alizaliwa hapa hapa mwaka 1926, Mwislamu wa Pwani, mwimbaji katika vikundi vya ngoma. Mwaka 1955 alianza kuongoza tawi la wanawake wa TANU, akatumia mitandao ile ile ya ngoma na ujirani kuwaandikisha wanawake kwa maelfu, wengi wao Waislamu wenzake. Anayedai leo kwamba mwanamke wa Pwani kupanda jukwaani ni jambo lililoletwa na wageni haijui historia ya Kariakoo. Masuala ya fikihi, yaani sheria za dini ya Kiislamu, tunawaachia masheikh. Historia ni ya wote.

Dar es Salaam ni jiji la amani. Kwa nini tujitie hofu?

Amani ipo, na hakuna sababu ya kuipuuza. Hata hivyo kumbukumbu zetu huwa fupi. Tarehe 7 Agosti 1998 ubalozi wa Marekani jijini hapa ulilipuliwa na watu 11 wakafariki, siku moja na shambulio la Nairobi. Julai 2015 kituo cha polisi cha Stakishari, Ukonga, kilivamiwa, askari wakauawa na silaha zikaporwa. Tarehe 25 Agosti 2021 mtu mwenye bunduki aliwaua askari polisi watatu na mlinzi wa kampuni binafsi karibu na ubalozi wa Ufaransa. Kusini, tarehe 14 Oktoba 2020, wiki mbili kabla ya uchaguzi mkuu, kijiji cha Kitaya mkoani Mtwara kilishambuliwa na wapiganaji waliovuka kutoka Cabo Delgado, jimbo la kaskazini mwa Msumbiji, ambako vita vilianza Oktoba 2017.

Matukio hayo hayakuwalenga wanawake wanasiasa. Tukio linalopaswa kutufikirisha zaidi kwa mada hii ni lile la Kibiti, Rufiji na Mkuranga kati ya 2015 na 2017. Maelezo kuhusu nia ya wauaji bado yanatofautiana, lakini waliouawa wanajulikana: askari polisi, wakiwemo wanane waliouawa kwa mara moja Aprili 2017, na viongozi wa ngazi ya chini kabisa, yaani wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji na makada wa chama tawala. Kibiti iko kwenye barabara ya Kilwa, ile ile inayopita Mbagala. Waliowaua walijua kwamba mwenyekiti wa kitongoji ndiye anayemfahamu kila mgeni anayepanga chumba, ndiye anayeandika barua za utambulisho, na ndiye asiye na mlinzi. Mwanamke anayegombea uenyekiti wa serikali ya mtaa leo anaomba nafasi yenye sifa hizo hizo tatu.

Nitatofautishaje tusi la kawaida la mtandaoni na tishio la kweli?

Matusi ni mengi na mengi yao huishia kwenye simu, japo hilo halimaanishi yavumiliwe. Kuna dalili zinazopaswa kukufanya uchukue hatua siku hiyo hiyo. Ya kwanza ni undani: mtu anayetaja shule ya mwanao, rangi ya geti lako au saa unayotoka kwenye vicoba amekufuatilia. Ya pili ni hukumu. Ujumbe unaosema wewe si muumini tena, kwamba damu yako ni halali, au kwamba atakayekuua atalipwa thawabu, hautoi hasira za mwandishi peke yake bali unamwalika msomaji mwingine atende. Ya tatu ni mpangilio, yaani maneno yale yale kutoka namba tano au sita tofauti ndani ya saa chache. Ya nne, ambayo watu huisahau, ni ukimya wa ghafla wa mtu aliyekuwa akikutisha kila siku, hasa kama wakati huo huo umeona sura ngeni karibu na nyumbani.

Nimepokea ujumbe wa vitisho kwenye WhatsApp. Nifanye nini?

Usiufute, na usimjibu aliyeutuma. Jibu humpa anachokitaka, na humpa pia saa uliyokuwa macho. Aliyetuma anaweza kuufuta ujumbe wake ukatoweka hata kwenye simu yako, kwa hiyo piga skrinishoti mara moja, ukihakikisha namba ya mtumaji, tarehe na saa vinaonekana. Kama jina lake limehifadhiwa kwenye simu, fungua wasifu wake upige picha nyingine inayoonyesha namba yenyewe, kwa sababu jina uliloliandika wewe halithibitishi kitu. Tuma nakala kwa mtu mmoja unayemwamini. Sauti zilizorekodiwa zihifadhiwe kama zilivyo. Simu yenyewe itunze, kwani mpelelezi anaweza kuitaka.

Kisha nenda kituo cha polisi, ikiwezekana ukiwa na mwenzako. Vituo vingi jijini vina Dawati la Jinsia na Watoto, na mwanamke ana haki ya kuomba asikilizwe hapo badala ya kusimulia kaunta, mbele ya watu waliokuja kuwatolea ndugu zao dhamana. Unapoandikisha maelezo, sisitiza maneno ya mtoa tishio yaandikwe kama alivyoyasema, hata kama yanatia aibu kuyatamka. Wanawake wengi kwa heshima husema tu kwamba "amenitukana", askari naye huandika hivyo hivyo, na jalada la tishio la kuua linageuka kuwa jalada la matusi. Soma maelezo kabla ya kutia sahihi. Usiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako katika kitabu cha polisi, na kama umejeruhiwa, chukua PF3, fomu ya polisi ya matibabu, kabla ya kwenda hospitali. Ukiwa katika hali ya hatari, matibabu yatangulie na fomu ifuate.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha au kumnyanyasa. Huna haja ya kuthibitisha kuwa aliyekutisha ni mwanachama wa kikundi chochote. Hiyo ni kazi ya wapelelezi.

Siku hiyo hiyo mwandikie barua katibu wa chama chako wa wilaya, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Piga *106# uone kama kuna laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako bila wewe kujua, maana wapo wanaotumia jina la mwanasiasa kutuma uchochezi ili yeye ndiye akamatwe. Badilisha njia na muda wa kutoka. Mwambie bodaboda wako wa siku zote kwamba mtu yeyote akimuuliza unakokwenda, hajui.

Chama changu kina wajibu gani? Naambiwa "siasa ndivyo zilivyo".

Hilo ni jibu la mtu asiyetaka kufanya kazi yake. Chama ndicho kilichokupitisha, na ratiba ya mikutano yako kimeiandaa chenyewe. Marekebisho ya Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2019 yanakataza vyama kuunda vikundi vyao vya ulinzi, na katazo hilo lina sababu nzuri, lakini matokeo yake ni kwamba mgombea wa ngazi ya kata hutegemea polisi walio wachache na majirani. Kwa hiyo chama kinapaswa kupeleka ratiba polisi mapema, kulipia usafiri wa usiku, kumpangia mgombea mwanamke mikutano ya jioni katika maeneo yenye taa, na kuwa na mtu mmoja anayepokea taarifa za vitisho ambaye si mshindani wake kwenye kura za maoni.

Sharti hilo la mwisho si dogo. Mwanamke ambaye ndani ya chama ameombwa rushwa ya ngono ili jina lake lirudi, kosa lililotajwa katika kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, hawezi kumpelekea mtu yule yule taarifa ya tishio kutoka nje. Anabaki nalo. Watu wenye nia mbaya wanapompata mwanasiasa ambaye hana pa kusemea, kazi yao imeshafanywa nusu na wenzake.

Je, viti maalum vinaongeza au vinapunguza hatari?

Vimewaingiza wanawake bungeni, kwani Ibara ya 66 ya Katiba inataka wabunge wanawake wa viti maalum wasipungue asilimia 30 ya wabunge wengine. Tatizo ni dhana kwamba mwenye kiti maalum "hana jimbo", na hivyo hahitaji ofisi wala ulinzi, wakati eneo analozungukia mara nyingi ni kubwa kuliko la mwenye jimbo.

Tunasikia wanawake ni "masikio ya jamii" na washirikishwe kuzuia itikadi kali. Hilo si kuwafanya wapelelezi?

Swali hili ni la muhimu kuliko yote, na jibu lake si la kufurahisha pande zote.

Azimio namba 1325 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa la mwaka 2000 lilitaka wanawake washiriki katika masuala ya amani, na azimio namba 2242 la Oktoba 2015 likaongeza kwamba washiriki na waongoze katika mikakati ya kukabiliana na ugaidi na misimamo mikali. Neno lililosahaulika ni hilo la kuongoza. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba mama wa mtaa huitwa kwenye semina, hupewa soda na nauli, huombwa awe anatoa taarifa za vijana wanaobadilika, kisha hurudi uswahilini ambako kila mtu ameshajua alikwenda wapi. Hakuna aliyemuuliza mpango uwe vipi. Amebebeshwa hatari bila kupewa mamlaka.

Ni kweli kwamba wanawake huona mapema. Mama lishe hujua kijana gani ameacha kula na wenzake. Mweka hazina wa kikoba hujua nani amelipa deni la miezi kwa mkupuo bila kueleza pesa imetoka wapi. Mama mzazi huona begi limefungwa. Lakini mama huyo ana hesabu yake: akitoa taarifa, mwanawe atapelekwa mahakamani au hatamwona tena? Maadamu hana jibu la uhakika, atanyamaza, na hatuoni haki ya kumlaumu. Hapa ndipo diwani au mjumbe mwanamke anapokuwa na kazi ambayo askari hawezi kuifanya, nayo ni kusimama kati ya familia na dola, kuhakikisha kijana anaonwa na mwalimu wa dini, ndugu au mshauri kabla hajatenda kosa, na kama ameshakamatwa, kufuatilia yuko kituo gani na lini atafikishwa mahakamani. Kiongozi anayefanya kazi hiyo huaminiwa na mtaa, na kwa sababu hiyo hiyo huchukiwa na wanaoandikisha vijana. Akitishwa mpaka akajiuzulu, mtaa mzima umepoteza mlango wa kubishia hodi.

Wanawake wenyewe hawajiungi na vikundi hivi?

Baadhi hujiunga. Septemba 2016 wanawake watatu walivamia kituo kikuu cha polisi Mombasa wakauawa humo. Wengine huchukuliwa kwa nguvu, kama wasichana 276 wa Chibok nchini Nigeria, Aprili 2014, na wanawake wengi wa Cabo Delgado. Mwanasiasa anayepokea waliorejea kutoka kwenye vikundi hivyo asichanganye makundi haya mawili.

Familia yangu inataka nijitoe. Nijitoe?

Hakuna anayepaswa kukuamulia, na mwanamke anayejitoa kulinda watoto wake si mwoga. Tunachoshauri ni kwamba uamuzi usifanywe ndani ya saa chache baada ya kupokea tishio, wala usifanywe na mume, kaka au mchungaji peke yao kwa niaba yako. Zungumza kwanza na wanasheria au wanaharakati waliozoea kesi hizi. TAWLA (chama cha wanasheria wanawake), TAMWA (chama cha wanahabari wanawake), Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na TGNP (mtandao wa jinsia) wamefanya kazi hii jijini kwa miaka mingi. Wakati mwingine kuhamisha familia kwa mwezi mmoja kwa shangazi kunatosha. Ukiamua kujitoa, eleza sababu kwa maandishi kwa chama na kwa msimamizi wa uchaguzi. Barua inayosema "sababu binafsi" humfichia siri aliyekutisha.

Niusambaze ujumbe wa vitisho kwenye magurupu ili watu waonywe?

Usiusambaze kama ulivyo. Wanaotengeneza video na sauti za aina hiyo huhesabu mafanikio yao kwa idadi ya simu zilizofikiwa, na gurupu la wazazi wa shule ni kubwa kuliko gurupu lao. Andika kwa maneno yako kwamba kuna tishio, taja eneo na namba ya kituo cha polisi ambacho mwenye taarifa anaweza kupiga, na usitaje jina la mtu unayemshuku kabla polisi hawajalithibitisha. Wanahabari nao wafiche namba za simu, sura za watoto na mwonekano wa nyumba ya aliyetishiwa. Kama ulikwisha kuusambaza, ufute kwa wote na uwaombe waliouhamisha wafanye hivyo, ila nakala yako ya kwanza, yenye tarehe na namba ya mtumaji, ibaki kwa ajili ya mpelelezi.